Mtambo Umeshafika, Kitabu Chake Atakisoma Nani?



Juma hili tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuyaweke kando yale ya malezi, tuzungumze juu ya mashine. Tunajua wapo watakaosema kwamba kurasa za familia si mahali pa waya na vitufe. Tunawaomba wavumilie. Katika habari hii yumo bibi, yumo binti wa kidato cha tatu, yumo na mzee mmoja aliyeudhika, na chanzo cha yote ni malalamiko ya kina mama yaliyokaa miaka mingi bila kupata jibu.

Msikiti tunaosali hapa Tunduma, kama ilivyo mingi iliyojengwa kidogo kidogo kwa michango, haukupangwa na mtaalamu wa sauti. Ukumbi wa wanaume ulitangulia. Sehemu ya kina mama iliongezwa baadaye, nyuma ya ukuta, kisha baraza ikaezekwa bati kwa ajili ya watu wa Ijumaa, maana siku hiyo madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde huja kwa wingi. Vyombo vya sauti navyo viliongezwa hivyo hivyo: amplifaya moja ya zamani, maiki mbili, spika nne ndani, pembe mbili juu ya paa, na mwishoni mwa waya mrefu, spika moja ndogo ya kina mama. Ikiongezwa sauti ili wao wasikie, ukumbini hupiga mluzi. Ikipunguzwa, wao husikia mvumo tu. Bibi mmoja alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo alijua khutba imekwisha kwa kuwaona wenzake wakisimama.

Neno hilo lilituingia. Mtu anaoga, anatembea na magoti yanayouma, anakaa saa nzima, kisha anarudi nyumbani hajui alichoambiwa.

Kamati ikaamua kununua mtambo wa kuchanganyia sauti, yaani miksa, tena ya kidijitali. Michango ilitoka kwa wafanyabiashara wa mpakani, kwa madereva, na kwa kina mama wenyewe ambao, tuseme kweli, walitoa kuliko tulivyowatarajia na wakatoa mapema. Uliopatikana ni wa mtumba, wenye njia 16 za kuingizia sauti, kioo kidogo katikati, na safu ya vishikio vya kusukuma juu na chini ambavyo mafundi huviita feda. Ulikuja ndani ya sanduku gumu jeusi pamoja na waya wake wa umeme. Kitabu cha maelekezo hakikuwemo. Aliyetuuzia alisema hauhitaji kitabu, ni kuchomeka na kuwasha. Tukaamini. Hatumlaumu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali la pili.

Mtambo ulikaa ofisini majuma saba. Mzee wetu wa mitambo, aliyeihudumia amplifaya ya zamani tangu baadhi yetu hatujaoa, aliufungua mara moja, akauwasha, akaona feda zinajisogeza zenyewe mpaka zikapangana safu, akauzima. "Kitu kinachotembea bila mkono wa mtu," alisema, "mimi sikishiki." Tulicheka, na tulikosea kucheka. Chini ya kila feda ya mtambo ule mna mota ndogo inayoirudisha mahali ilipoachwa mara ya mwisho. Mzee hakujua jina la mota hiyo, lakini aliona jambo ambalo sisi tuliocheka hatukuliona: mtambo huo ulikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo haikuwa yetu.

Ijumaa ya nane vijana wawili wanaojiamini wakaufunga. Maiki ya mimbari wakaichomeka kwenye njia ya tatu kwa sababu tundu lake lilikuwa karibu na waya. Sheikh akapanda, akatoa salamu, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imevimba, kama ngurumo ya mbali upande wa milima ya Ileje, na kila neno lilifuatwa na mwangwi wake. Vijana wakasukuma feda hii na ile. Ukaja mluzi uliowafanya watoto wazibe masikio. Sheikh akaashiria maiki izimwe, akahutubia kwa kifua chake mpaka mwisho. Kina mama siku hiyo hawakusikia hata mvumo. Mzee wa mitambo alikuwa safu ya pili, akitazama mbele, hasemi neno.

Baada ya swala tulikizunguka kioo. Juu ya njia ya tatu palikuwa na jina la Kiingereza la gitaa la besi. Ya nne ilikuwa kinanda. Ya tano na ya sita ni waimbaji. Waliokuwa na mtambo kabla yetu walikuwa na bendi, waliupanga kwa kazi yao, na walipouuza waliuuza pamoja na mpango huo.

Hapa panahitaji maelezo kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kuushika mtambo wa aina hii. Katika miksa za zamani, kitufe kilipoelekea ndipo kilipo. Ukitaka kujua sauti imefanywa nini, tazama tu. Katika miksa ya kidijitali sauti ikishaingia hugeuzwa kuwa tarakimu, na mitambo mingi hufanya hivyo mara 48,000 katika kila sekunde. Kuanzia hapo kila kinachofanyika ni hesabu. Kuongeza besi ni hesabu, mwangwi ni hesabu, kuituma sauti chumba cha pili ni hesabu. Kwa hiyo kitufe kimoja kinaweza kufanya kazi kumi kulingana na ukurasa ulioufungua kwenye kioo, na feda moja inaweza kuwa ya maiki ya mimbari sasa hivi, na ukibonyeza kitufe cha tabaka la pili ikawa ya kitu kingine kabisa. Mipango yote huwekwa ndani na haifutiki kwa kuzima umeme. Yamaha ya Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1887 kwa kutengeneza vinanda, ilitoa miksa yake ndogo ya kidijitali iitwayo DMP7 mwaka 1987. Kwa muda mrefu vifaa hivyo vilikuwa vya studio na kumbi za wenye fedha. Mwaka 2012 Behringer ilipotoa X32, yenye njia 32, kwa bei ambayo ukumbi wa kawaida unaweza kuijadili, mambo yakabadilika; na tangu hapo mitumba yake na ya wenzake imekuwa ikishuka mpaka kwenye miji kama wetu.

Sheikh wetu, basi, alihutubia kupitia gitaa la besi. Sauti za chini zilikuwa zimeongezwa, za juu zimekatwa, na mwangwi umewekwa. Dawa yake ilikuwa kuurudisha mtambo katika hali ya kiwandani, jambo la dakika moja kwa anayejua vitufe gani vishikwe wakati wa kuwasha. Jambo hilo limeandikwa kitabuni.

Kukipata kitabu hakukuwa kazi. Kampuni nyingi za mitambo hii huweka vitabu vyake vya maelekezo kwenye intaneti bila malipo. Unaandika jina na namba ya mtambo kama vilivyo mgongoni mwake, na kinashuka kwenye simu. Tulikichapisha katika steshenari iliyo karibu na stendi. Kurasa zilizidi 70, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Tukakipeleka kwenye kikao cha kamati. Kikazunguka meza. Mhasibu akasoma kurasa mbili za tahadhari za umeme na maji, akasema kinaeleweka, akampa jirani yake. Jirani akakipa wa tatu. Sisi ni watu ambao wahyi wa Mtume wetu ulianza kwa amri ya kusoma, na kitabu kile kilizunguka meza kama sahani ambayo kila mtu ameshashiba.

Aliyekisoma ni mjukuu wa yule bibi. Yuko kidato cha tatu, anapenda fizikia, na nyumbani alikuwa amesikia habari ya gitaa la besi mara nyingi kuliko alivyotaka. Alimwomba baba yake akilete kitabu. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea kwa mtoto: kwamba Kiingereza anakiweza lakini mambo yanayosemwa hayajui, kwa hiyo anamhitaji mzee wa mitambo. Mzee akaitwa. Alikuja siku ya pili, kwa shingo upande, akaketi upande wa pili wa darasa la madrasa, baba wa binti akiwa katikati.

Tulikuwepo jioni zile nne, baada ya Alasiri. Binti anasoma sentensi, anaitafsiri, anaiandika kwenye daftari, mzee anaeleza ni kitu gani. Walifika mahali penye neno ambalo yeye alilitafsiri kuwa kizingiti. Akasoma: sauti isiyofika kizingiti haipiti getini. Mzee akainuka kitini. "Hilo ndilo lile linalokata mvumo wa feni maiki isipotumika!" Alikuwa amelitamani kwa miaka 20 bila kujua kwamba lina jina. Jioni nyingine alikwama kwenye neno linalosomeka kama basi la abiria. Alilitazama, akasema kwa aibu kwamba ameandika basi kwa sababu hakuona tafsiri nyingine. Mzee akamwuliza, "Basi la kwenda wapi?" Na hilo, wasomaji wetu, ndilo swali lenyewe. Ndani ya miksa basi ni njia inayokusanya sauti kadhaa na kuzipeleka mahali pamoja. Mtambo wetu unayo mabasi kadhaa. Moja laweza kwenda ukumbini, jingine barazani, jingine juu ya paa, na jingine, peke yake, kwa kina mama, kila moja likiwa limebeba abiria tofauti na kwa kiasi tofauti. Wote watatu walinyamaza kidogo baada ya jibu hilo. Tatizo la miaka mingi lilikuwa limekaa ukurasa wa ishirini na kitu.

Kwa wenzetu wa misikiti mingine wanaofikiria kununua kifaa kama hiki, ushauri wetu ni kwamba wasianze na ukurasa wa kwanza wala wasianze na vitufe. Waanze na ile picha ya njia ya sauti, ambayo katika vitabu vingi huwa nyuma kabisa na hutisha kwa mishale yake. Binti aliichora upya kwenye ukurasa mzima wa daftari. Maiki inaingia hapa, inaongezwa nguvu hapa, mvumo wa chini unakatwa hapa, geti, marekebisho ya besi na sauti kali, kibanio cha kuzuia kelele za ghafla, feda, basi, tundu la kutokea. Ukiijua safari hiyo, mluzi au ukimya ukitokea unajua pa kwenda kutazama.

Linalochanganya watu zaidi ni kuwepo kwa mahali pawili pa kuongeza sauti, kile kitufe cha mwanzo na ile feda ya mwisho. Tulipata mfano hapa hapa nyumbani. Lori linalotoka Mbeya kuja mpakani hupita mizani ya Mpemba. Kitufe cha mwanzo ni mizani. Mzigo ukizidi pale, hakuna dirisha la forodha huku mbele litakalourekebisha. Katika mtambo wa kidijitali sifuri ya kipimo haiko chini, ni dari. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, na hata ukishusha feda kiasi gani utasikia kitu kile kile kilichovunjika, ila kwa sauti ndogo. Basi msemaji azungumze kwa nguvu yake ya kawaida ya mimbarini, na kitufe cha mwanzo kipandishwe mpaka kipimo kicheze karibu na hasi 18, ibaki nafasi ya pale atakapopaza sauti. Ndipo feda iguswe.

Mtambo uliporudishwa katika hali ya kiwandani, maiki ya mimbari ilikufa kabisa. Vijana walipauka. Mzee ndiye aliyekumbuka kwamba maiki ile nyembamba ya shingo ndefu huhitaji umeme wake wa volti 48 unaopanda kwenye waya huo huo wa sauti, na kurudisha mtambo kiwandani kulikuwa kumeuzima. Binti akautafuta ukurasa. Kabla ya kuuwasha, kitabu kilisema, njia hiyo inyamazishwe kwanza, la sivyo spika hupiga mshindo. Hivyo hivyo kwa mpangilio wa kuwasha: miksa kwanza, amplifaya baadaye, wakati wa kuzima, amplifaya kwanza, miksa mwisho. Mzee alikuwa akifanya hivyo siku zote bila kuandikiwa.

Ubishi ulikuja kwenye mwangwi. Vijana waliutaka uwepo kidogo katika kisomo, kama wanavyousikia kwenye rekodi za wasomaji wakubwa. Sisi tulikuwa upande wa maalim wa tajwid, na bado tuko. Mtoto hukaa miaka akifundishwa kutofautisha sini na thaa na swadi. Tofauti hizo zimekaa katika sauti za juu, zile nyembamba za ulimi na meno, na mwangwi huzifunika moja juu ya nyingine kama wino uliomwagikiwa maji. Ukumbi wetu una kuta za saruji na sakafu ya vigae chini ya mazulia. Mwangwi tunao tayari, wa bure. Tulikubaliana kinyume chake: zikatwe sauti za chini ya hezi 100, ambazo katika usemi wa mtu hazina faida kubwa zaidi ya kuvuma, na pale panapopiga mluzi papunguzwe kidogo badala ya kupandisha pengine. Sheikh mwenyewe alisogezwa karibu na maiki kwa upana wa kiganja. Hilo la mwisho halikugharimu kitu na ndilo lililosaidia kuliko yote.

Barazani tulikuwa na kero nyingine. Waliokaa huko walisikia kila neno mara mbili, mara kutoka spika iliyo juu yao na mara kutoka ukumbini. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, na kutoka spika za mbele mpaka baraza tulipima mita 17. Kwa hiyo sauti ya mbele ilifika ikiwa imechelewa sehemu ya 20 ya sekunde, wakati umeme uliifikisha ile ya barazani papo hapo. Katika mtambo huu unaliambia basi la barazani lichelewe milisekunde 50, na neno linakuwa moja. Mzee alitembea huku na huku mara tatu, akasimama, akarudi, akasema, "Hili sikulijua." Alilisema kwa furaha, na ndipo tulipojua kwamba hasira imekwisha.

Pembe za juu ya paa zilipewa basi lao. Sasa zinabeba adhana basi. Darsa, khutba na matangazo hubaki ndani. Wapo waliodhani tunarudi nyuma. Lakini zipo kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinazohusu kila mwenye kipaza sauti, awe wa baa au wa nyumba ya ibada. Na hata zisingekuwepo, wapo majirani wenye wagonjwa, na wapo madereva wanaolala ndani ya malori yao mchana kwa sababu usiku walikuwa barabarani. Huku kwetu adhana ya Adhuhuri ikisikika saa zikielekea saba, ng'ambo ya mpaka saa za Zambia zinaelekea sita tu, ingawa jua ni moja. Aliye Nakonde na anaisikia adhana yetu anajua wakati umeingia. Hana haja ya kusikia na tangazo la viatu vilivyopotea.

Tumeliacha la kina mama mpaka hapa kwa sababu ndilo lililotuchukua kikao kirefu. Kupewa basi lao peke yao kulikuwa hatua kubwa, lakini nani angejua wanasikia vipi? Chumba cha mitambo kiko upande wa wanaume. Fundi anayerekebisha sauti ya chumba asichokaa ni kama mpishi asiyeonja. Kitabu kilikuwa na jibu: mtambo ukiunganishwa na ruta ndogo ya waifai, unaweza kuongozwa kwa kishikwambi kutoka mahali popote ndani ya jengo, na aina nyingi zina programu inayomruhusu mtu kugusa basi moja tu bila kufika kwenye mengine. Binti alilisoma hilo kwa sauti, kisha akanyamaza, hakupendekeza lolote. Bibi yake ndiye aliyetuma ujumbe kwa kamati kwamba kina mama wanataka kishikwambi kikae kwao.

Wengine waliona haifai mtoto wa kike kuwa na mkono kwenye sauti ya mimbari. Wakajibiwa kwamba mkono wake hautafika mimbarini, utaishia kwenye spika iliyo juu ya kichwa chake. Wengine, na hoja yao ilikuwa nzito zaidi, waliuliza juu ya kushughulika na kifaa wakati khutba inasomwa. Sisi hatutoi fatwa katika safu hii. Maulamaa wamekuwa wakijadili vipaza sauti tangu vilipoingia misikitini; Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani aliandika risala nzima juu yake. Sheikh wetu aliamua kwamba marekebisho yafanyike kabla, maalim akiwa mimbarini kwa majaribio, na wakati wa khutba kishikwambi kisiguswe ila panapokuwa na dharura, kama ilivyo kwa fundi wa upande wa wanaume. Wasichana wawili wamefundishwa, si mmoja. Neno la siri la waifai limebadilishwa kutoka lile lililokuja na ruta, kwani tuna vijana, na vijana wana simu.

Shida hazikwisha. Amplifaya ya zamani umeme ukirudi ilikuwa inaamka pale pale. Mtambo huu huchukua karibu dakika nzima kuamka, na dakika nzima ndani ya swala ni rakaa iliyopotea kwa aliye nyuma ya ukuta. Tumenunua betri ya akiba inayoushikilia umeme ukikatika, lakini Sheikh amesisitiza kwamba muballigh wa kuirudia takbira kwa sauti yake aendelee kuwepo mahali pake kila Ijumaa, mtambo uwe mzima au mbovu. Kadhalika mipango iliyohifadhiwa imepewa majina kwa Kiswahili, Ijumaa, Swala za Kila Siku, Darsa, Nikaha, na nakala yake imewekwa kwenye kidude cha kuhifadhia kinachokaa kwa mhasibu. Juma la pili tu kijana mmoja aliwasha mpango wa Nikaha siku ya Alhamisi, na darsa likasikika barazani pasipo na mtu.

Daftari la binti limefikia kurasa 31. Limening'inizwa kwa kamba kwenye msumari wa chumba cha mitambo, na mzee ameandika jina lake kwenye jalada chini ya lile la binti, kwa kalamu ya wino mwekundu. Kurasa za kurekodi bado hawajazigusa. Wanasema wataanza baada ya mitihani ya shule.

Ijumaa iliyopita tulimpitia bibi kumsalimu. Tulimwuliza kama sasa anasikia. Akasema anasikia khutba yote, alhamdulillah, na akatusimulia mambo matatu yaliyosemwa, kwa mpangilio wake. Kisha akatuagiza tumwambie Sheikh, kwa adabu, kwamba anapotaka kukohoa ageuze uso pembeni ya maiki.